Alinisomea Mstari wa Mwisho Tu

Nina umri wa miaka thelathini na saba. Ni mwalimu... au niseme nilikuwa mwalimu. Ni mama wa mtoto mmoja, Ibra. Na ni kipofu.

Sikuzaliwa hivi. Nilisoma nikiona, nikaajiriwa nikiona, nikaolewa nikiona. Ni presha ya macho iliyonifungia dunia, kwanza jicho la kushoto, halafu la kulia, mpaka asubuhi moja nikiwa darasani kule Isiolo mjini nikageukia ubao nisiuone.

Watu wakisikia naanza hivyo hudhani nitalia juu ya macho. La! Macho nilishayalilia yakaisha. Kinachonichoma mpaka leo ni kitu kingine, kitu ambacho ukimsimulia mtu mbiombio atakucheka. Kwa hivyo nivumilieni, wasomaji wenzangu, niseme polepole.

Mume wangu nitamwita Halake, ingawa silo jina lake. Alikuwa karani katika ofisi moja mjini, na tulipanga nyumba mtaa wa Wabera, karibu kabisa na msikiti. Sitamnyima haki yake. Nilipopofuka, Halake hakunikimbia. Kila asubuhi alinishika mkono mpaka lango la shule, ndipo aende kazini kwake. Jioni alinisomea madaftari ya wanafunzi. Mimi nasema hii ni sawa, hii si sawa, yeye anaweka alama.

Majirani walimsifu mpaka nikaona aibu. Waliniambia ningekuwa kwa mwanamume mwingine ningekuwa nimerudishwa kwetu kitambo. Msikitini alitajwa kuwa mfano wa subira. Nami nilimwombea dua kila swala.

Lakini polepole nikawa mtu asiyesogea bila yeye. Nguo, alinichagulia yeye. Simu ikilia, alisoma ujumbe yeye. Hata salamu za mama yangu kutoka Rapsu, anakolima vitunguu, nilizipata kwa sauti ya Halake. Kama aliruka neno, ningejuaje?

Kisha Mungu akaniletea Kendi.

Kendi ni mama wa Kimeru mwenye duka dogo la kutengeneza kompyuta mjini. Nilikuwa nimemfundisha bintiye. Siku moja alikuja shuleni kumwona mwalimu mkuu, akanikuta nimekaa peke yangu katika chumba cha walimu, mikono magotini. Akaniuliza, "Mwalimu, na hujapata kompyuta ya kuongea?" Nilidhani ananitania.

Hakuwa ananitania. Alikuwa na laptopu kuukuu aliyoifufua, na ndani yake alikuwa ameweka Linux, mfumo wa kompyuta ambao mtu haulipii. Juu yake akaweka programu ya kusoma skrini. Ukibonyeza herufi, inaitamka. Ukifungua barua, inakusomea mwanzo hadi mwisho. Sauti yenyewe ilikuwa kavu kama ya mtu mwenye mafua, na Kiswahili ilikitamka kama mzungu aliyeshuka juzi. Lakini siku niliyoandika jina langu na kulisikia likisomwa, nililia mpaka Kendi akafunga mlango wa duka wateja wasinione.

Nilijifunza alasiri baada ya alasiri. Nikajua kuandika maandalio ya masomo. Wanafunzi wakawa wanajibu maswali kwenye tableti za shule, mimi nabeba kazi yao kwa flashi, nasahihisha nyumbani kwa masikio yangu mwenyewe. Nikaanza kusoma barua zangu. Nikaanza kumwandikia mama, naye akimwomba jirani amsomee.

Jamani, mnajua raha ya kusoma barua yako mwenyewe? Hamuijui, kwa sababu hamjawahi kunyang'anywa!

Halake naye akawa kimya. Jioni alikaa kwenye mkeka nikimsikia anapumua tu. Siku moja aliniuliza, "Sasa mimi nifanye nini?" Nikacheka, nikamwambia apumzike, amehangaika nami vya kutosha. Nilidhani nimempa zawadi. Sikujua kwamba neno hilo lilimwingia kama mwiba.

Ndipo ikaja habari kwamba wakubwa wa elimu watakuja kunitazama. Walitaka kuamua kama mwalimu aliyepofuka aendelee kufundisha au astaafishwe kwa sababu ya afya. Ningefundisha Gredi ya Sita mbele yao, nitoe maswali, nisahihishe majibu, bila mtu yeyote kunisaidia. Mwalimu mkuu, Madam Nkatha, aliniita ofisini akaniambia, "Mimi nimewaambia huyu mama anafanya kazi kuliko wengine wenye macho. Usiniangushe, mwalimu."

Singemwangusha. Nilikuwa tayari!

Siku iliyotangulia, Halake alirudi nyumbani mapema. Alikuwa mchangamfu ajabu. Alinichekesha, akanitengenezea chai, akakaa kando yangu nilipokuwa nafanya mazoezi. Akasema laptopu inaonekana nzito, imejaa vitu visivyo na kazi, na kesho itaniaibisha ikikwama mbele ya wageni. Akasema kule ofisini wanasafisha zao kila mara. Je, angenisaidia kuisafisha?

Mume wangu huyo. Aliyenishika mkono kila asubuhi. Ningekataaje?

Mara simu yake ikaita. Akaniomba nishushe kabisa sauti ya kompyuta ili asikizane na mtu wake. Nikaishusha. Akaongea kidogo, akakata. Hakuniambia niirudishe, nami sikufikiria, kwa sababu alikuwa tayari anabonyeza kibodi. Nikasikia vidole vyake vikiandika kitu kifupi.

"Inataka paswadi," akasema.

Paswadi niliijua mimi peke yangu. Nikaiandika.

"Inasema nini sasa?" nikauliza.

"Inauliza tu kama iendelee."

"Hakuna kingine?"

"Ni hiyo tu. Bonyeza ndiyo."

Nikabonyeza. Kidole changu hiki ninachoandikia!

Baadaye nikapandisha sauti, na mashine ikasema kama kawaida. Nikamalizia mazoezi yangu, nikamshukuru mume wangu, nikaizima na kuiweka chaji. Nililala na furaha kama bibi harusi.

Asubuhi Halake alinipeleka shuleni. Wageni walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke. Wakanisalimu kwa heshima, wakaketi nyuma ya darasa pamoja na Madam Nkatha. Halake akaomba kukaa karibu na mlango, wakamruhusu. Wanafunzi walikuwa kimya kama maji mtungini. Nikawasha laptopu.

Nikasikia feni yake ikizunguka. Nikangoja ile sauti ya mafua inikaribishe...

Kimya.

Nikabonyeza vitufe vya kuiamsha. Kimya. Nikapandisha sauti mpaka mwisho. Kimya! Nikaizima, nikaiwasha tena, jasho likinitiririka mgongoni chini ya buibui. Nikamsikia yule mwanamke akisema taratibu, "Mwalimu, tunaweza kuanza?"

Nikaomba ruhusa nimpigie Kendi. Simu haikupatikana, kwa kuwa alikuwa njiani kwenda Meru kununua vipuri. Nikaomba nifundishe bila kompyuta, kwa kichwa. Nikafundisha! Watoto walijibu, walipiga makofi. Lakini yule mwanamume akasema kwa upole kwamba kufundisha kwa mdomo hawakuwa na shaka nako. Walitaka kuona nikisoma na kusahihisha mwenyewe.

Ndipo nikageukia mlango, nikasema, "Baba Ibra, hebu nisomee skrini inasema nini."

Nikasikia viatu vyake vikija. Akainama, akanukia ile sabuni yake. Halafu akawaambia wageni, si mimi, akawaambia wao...

"Hii mashine imekuwa ikisumbua siku nyingi. Nyumbani ni mimi namsomea. Yeye hapendi kusema."

Nimwite mume wangu mwongo mbele ya wanafunzi wangu? Nilidhani pengine amechanganyikiwa. Nilidhani pengine anajaribu kunitetea vibaya. Nilidhani mambo yote, isipokuwa lile la kweli!

Wageni waliniambia pole. Mwanamke alinishika bega. Madam Nkatha nilimsikia tu akivuta kiti na kutoka.

Siku zilizofuata Halake alikuwa mtamu kuliko siku ya harusi. Alinipikia. Aliniletea maziwa ya ngamia kutoka kwa wamama wa sokoni. Alinishika mkono hata kwenda chooni, nami chooni nilikuwa najiendea mwenyewe kitambo. Nikitaja kumpelekea Kendi laptopu, anasema, "Wacha ipumzike kwanza. Na wewe pia pumzika." Alianza tena kunisomea simu.

Nikaona ninarudi kule kule nilikotoka. Kwa hivyo siku moja alipoenda kazini nilisimamisha bodaboda, nikajipeleka.

Kendi aliipokea laptopu, akaanza kubonyeza. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake cha plastiki nikisikiliza. Akaacha kubonyeza.

"Mwalimu, nani ametoa hii kitu?"

"Kitu gani?"

"Sauti. Haijaharibika, imetolewa."

Nikamwambia haiwezekani. Ndipo akanieleza, na maneno yake nitayakumbuka mpaka kaburini.

Aliniambia, "Kwa Linux programu hukuja kama vifurushi. Na kifurushi haikai peke yake, inategemea ingine. Ile inakusomea skrini haina sauti yake. Inaomba sauti kwa programu ya pili. Hiyo ya pili nayo inategemea kifurushi kadogo sana kenye kanajua kutamka. Sasa ukitoa haka kadogo, kompyuta haiwezi kuacha hao wengine wakining'inia hewani. Inatoa wote."

Nikamuuliza, "Yaani mtu anaweza kukitoa kimoja kwa bahati mbaya, vyote vikaanguka?"

"Kwa bahati mbaya ni ngumu, mwalimu. Kabla itoe, inakuandikia. Inasema hizi zifuatazo zitaondolewa, inataja kila moja kwa jina. Yenye inasoma skrini pia inatajwa. Ndiyo mwisho kabisa, mstari wa chini, inakuuliza kama iendelee."

Mstari wa chini.

Halake alikuwa na ile orodha yote mbele ya macho yake! Jina la programu yangu lilikuwa pale. Alisoma, akaelewa, akaruka yote, akanisomea mstari wa mwisho tu. Na paswadi niliiandika mimi. Na ndiyo nilibonyeza mimi.

Nikakumbuka kwamba jioni ile mashine iliendelea kuongea. Nikamuuliza Kendi, nikitamani sana anipe sababu ya kumwamini mume wangu. Akasema programu ikiwa imeshawashwa huendelea kufanya kazi hata ukiiondoa, kwa kuwa bado imo kwenye kumbukumbu ya mashine. Ukizima tu, basi. Hairudi.

"Na mtu angejuaje ni kifurushi gani cha kutoa?"

"Lazima alitafuta, mwalimu. Hiyo si kitu mtu huokota barabarani."

Akaunganisha laptopu na bando ya simu yake, akaiomba programu moja tu, ile ya kusoma skrini. Mashine yenyewe ikajua inategemea nini, ikavuta vyote vilivyokosekana. Chai niliyowekewa ilikuwa bado moto nilipoisikia tena ile sauti ya mafua. Kitu kilichoniua kilitibiwa kabla ya chai kupoa! Kama Kendi angepatikana asubuhi ile... Kama ningeiwasha laptopu nyumbani kabla ya kuondoka... Haya maswali hayana mwisho, nimeyaacha.

Halake alinikuta nimekaa mkekani baada ya Alasiri, laptopu mapajani. Nikaiacha iongee kwanza. Nikamsikia amesimama mlangoni.

"Baba Ibra," nikamwambia, "siku ile ulisoma nini kwa skrini?"

Nikamsikia anavua viatu.

"Nakuuliza kwa jina la Mwenyezi Mungu. Ulisoma nini?"

Akaketi. Alikaa mbali nami, sauti yake ilitoka upande wa ukuta. Nilitarajia akane. Wallahi, nilikuwa naomba akane! Hakukana.

"Nilikuwa macho yako," akasema. "Miaka yote hiyo, mimi ndiye macho yako. Ulikuwa unaniita kwa kila kitu. Halafu huyo mama akakuletea hiyo chuma, ukaacha kuniita. Nakaa hapa kama mgeni. Wenzangu pale base, tunapokaa kutafuna miraa, wananiuliza kama bado mimi ni bwana ama kompyuta ndio bwana."

"Kwa hivyo ukanivunjia kazi?"

"Nilitaka tu ikatae hiyo siku moja. Ukae nyumbani. Mshahara wangu unatutosha."

"Nani alikufundisha?"

"Simu. Niliuliza simu, ikaniambia sauti inategemea nini." Kisha akasema neno ambalo sitalisahau. "Na mimi sikubonyeza. Ulibonyeza wewe."

Hakupiga kelele. Hakunigusa. Alisema tu hivyo, kama karani anayemwambia mtu kwamba sahihi ni yake mwenyewe.

Nilienda kwa wakubwa wa elimu na Kendi akinishika mkono. Nikaiwasha laptopu mezani pao, nikasoma, nikaandika, nikasahihisha. Yule mwanamume aliyekuwepo siku ile alisikiliza mpaka mwisho. Akashusha pumzi. Akasema ripoti imeshapelekwa juu. Akasema angeweza kuandika ombi itazamwe upya, lakini kuna jambo gumu ndani yake.

"Mama, ni mume wako mwenyewe alituambia yeye ndiye husoma. Tutasema alidanganya?"

"Semeni!" nikamwambia. "Alidanganya!"

Akaandika ombi. Lilirudi na jibu la hapana. Nikastaafishwa kwa sababu ya afya, mimi ambaye sina hata mafua. Madam Nkatha alikuja nyumbani kuniaga na alilia kuliko mimi. Aliniomba radhi kwa kutoka darasani siku ile. Nilimsamehe, kwani yeye aliona nini zaidi ya alichoambiwa?

Mngetarajia watu wangesimama nami. Thubutu! Niliposema namwacha Halake, wazee walikaa kikao, na kila mmoja aliniuliza swali lile lile. Ni mke gani humwacha mume kwa sababu ya kompyuta? Amekupiga? Amekunyima chakula? Amekuletea mwanamke mwingine? Mwanamume aliyekushika mkono mbele ya mji mzima, wewe unamwaibisha na maneno ya vifurushi ambayo hakuna mtu hapa anayaelewa!

Nilijaribu kuyaeleza. Mzee mmoja alisinzia.

Mwishoni wakanipa uamuzi wao. Wakasema Halake ni mtu mwema, na kwamba yuko tayari kunisamehe kwa kumtangaza vibaya.

Kunisamehe. Mimi!

Siku hiyo ndipo nilipoacha kulia. Nilibeba nguo zangu na laptopu yangu nikaja kwa mama, Rapsu. Mwanangu Ibra amebaki mjini kwa babake kwa sababu ya shule, na huja likizo. Akija hunisomea vibao vya barabarani alivyoviona njiani, kila kimoja, kwa kuwa anadhani mama anapenda kusomewa. Sijui babake humwambia nini juu yangu. Siulizi, na sitamwuliza mtoto.

Mama yangu mwenyewe hanielewi vizuri. Juzi akinimenyea vitunguu aliniambia moyo wangu umekuwa mgumu. Nikamwambia kweli, umekuwa mgumu, na ndio unaoniweka wima.

Kendi hunifundisha kwa simu, wakati wa jioni mtandao ukiwa mzuri. Sasa ninaweka na kuondoa programu mwenyewe. Kuna mama mmoja wa kule Kinna na mzee mmoja mjini waliopofuka kama mimi, nao nimeanza kuwafundisha. Silipwi kitu. Lakini mzee yule juzi alisoma ujumbe wa mwanawe bila mtu, akanipigia simu hasemi lolote, analia tu. Nikakaa nikimsikiliza.

Je, nimepona? Hapana. Nikisikia kengele ya shule ya hapa kijijini nasimama bila kujua, naketi tena. Na mtu akinishika mkono ghafla, hata kwa wema, ngozi yangu hushtuka. Hicho ndicho alichoniachia Halake.

Nyinyi mnaosoma kisa hiki kwa macho yenu, mnaweza kusema haya ni mambo ya vipofu na mafundi. Sivyo. Kila mmoja wenu ana kitu kinachombeba maisha yake, na hicho kitu kinategemea kingine, na hicho kingine mmemwachia mtu fulani akishike kwa sababu mnampenda. Mpendeni, siwakatazi. Lakini jifunzeni nyumba yenu imesimama juu ya nini. Msione haya kuuliza maswali ya kijinga. Msimpe mtu paswadi kwa sababu tu amewapikia chai. Na wewe dada ambaye mumeo hukusomea kila kitu, tafuta mtu wa pili wa kukusomea, hata mara moja moja, hata kama mumeo atanuna. Akinuna sana, jiulize kwa nini.

Na siku utakapoambiwa ubonyeze ndiyo, iwe kwa kompyuta, iwe kwa sahihi, iwe kwa maisha, uliza kwanza: ni nini kingine kitaondoka pamoja na hiki? Mwambie akutajie kimoja kimoja, kwa jina.

Kama anakupenda, atakutajia. Asipotaka, ondoa kidole.